Majani Mabichi Chini ya Dirisha

Niliacha shule mapema, na tangu hapo sikukaa mahali nikapazoea. Nilipasua mawe Kasese, nikabeba mizigo ya wapanda mlima kutoka Nyakalengija, chini ya Ruwenzori, na huko ndiko nilikojifunza Kikonzo, lugha ya watu wa milimani. Kwa sababu hiyo daktari mmoja mtafiti, Mganda asiyekijua, alinichukua niwe dereva na mkalimani wake, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Kiswahili chake alikiokota kambini kwa askari.

Alichunguza jambo moja: wanawake wa milimani ambao, baada ya uchungu wa siku nyingi na mtoto kuzaliwa amekufa, walibaki wakivuja mkojo usiozuilika. Kichwa cha mtoto, alinieleza, hukwama njiani kikakandamiza nyama mpaka ikafa, ikaacha tundu kwenye kibofu. Nilimchosha kwa maswali.

"Wewe iko dereva ama profesa?" aliniuliza, lakini alijibu yote.

Wagonjwa nao aliwauliza: uchungu ulianza lini, nani aliamua uteremshwe, mto ulikuwa umejaa? Nikaanza kuona kwamba tundu lile lilianzia mbali na kibofu, kule juu ambako wanaume walikuwa bado wakibishana nani abebe machela.

Mmoja wa wagonjwa hao tulimchukua Nyakalengija pamoja na mama yake. Nilimfungulia mlango wa mbele, akakataa. "Hicho ni kiti cha watu," alisema. Akachuchumaa nyuma juu ya majani ya migomba hadi hospitalini, upande wa Bwera. Daktari alipomuuliza anatamani nini, alijibu kwamba anataka kukaa kwenye benchi kanisani mpaka ibada iishe. Miaka yote hiyo alikuwa akisikiliza akiwa nje.

Upasuaji ulikwenda vizuri. "Tundu nimefunga," daktari aliniambia. "Sasa kazi ni ya maji. Mwambie akunywe sana. Mkojo ikikuwa nzito, mpira ya kutoa mkojo itaziba, kibofu itajaa, uzi itakatika."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama mtu aliitikia kwa kichwa. Jagi lilijazwa asubuhi, likaisha, likajazwa tena. Lakini kwenye chupa chini ya kitanda mkojo ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Daktari alikagua mpira, haukuwa na kasoro. Akatoka nje kuvuta sigara, kisha akaniita kwa kidole.

Kilikuwa kiangazi, na uwanja wote ulikuwa umeungua. Chini ya dirisha la yule mwanamke tu majani yalikuwa mabichi, kama bustani.

Tulirudi ndani. "Mama, hii majani nani anamwagia maji?"

"Mimi," mama alijibu, bila kificho. "Akinywa, atalowa. Kwa kiu ndivyo nilivyomkausha miaka yote hii, hata majirani wakamvumilia. Leo mmemshona, nikamharibu kwa maji?"

Binti aliutazama ukuta. "Naogopa," alisema.

Kwa wanawake wote wale daktari alikuwa ameuliza juu ya uchungu, hakuwahi kuuliza wanakunywa nini. Tangu siku hiyo aliuliza. Lakini wakati ule alivuta kigoda, akaomba vikombe. "Yeye moja, mimi moja, mama moja."

"Basi daktari, sote watatu tutalowa," mama alisema, akapokea chake.

Wodi nzima ilicheka daktari alipokuwa akikimbilia chooni. Alirudi kila asubuhi na kikombe chake, na mkojo wa kwenye chupa ukaanza kung'aa. Mpira ulipotolewa, mama alipapasa shuka mara kwa mara, hata binti akiwa usingizini. Shuka lilikuwa kavu.

Siku ya kurudi nilifungua mlango wa nyuma kwa mazoea. Binti alinipita, akafungua wa mbele, akakaa. "Daktari, wewe panda nyuma na mama," alisema. Nilipotafsiri, daktari alipanda.

Tulipoipita Kasese binti akanigusa bega. "Simama hapo penye vichaka."

Nikasimamisha gari. Alishuka, akaingia vichakani, wala hakuwa na haraka. Mama yake aliinama kutoka nyuma, akakipapasa kile kiti cha mbele kwa kiganja. Kilikuwa kikavu. Akakipapasa tena, kisha akaegemea akisubiri mwanawe arudi.