Kamanda Aliyeripoti Nzuri

Kitabu nilikiokota kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mtaa wa Bredäng huku Uswidi, juu ya mashine ya kukaushia. Kilikuwa cha Kiswidi, kilichapwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jalada limeshikiliwa na uzi mmoja, kurasa zinanuka stoo. Kilisimulia askari wa Kijerumani waliozingirwa wakati wa baridi, na kamanda wao, ambaye mwandishi alimpenda kupita kiasi. Askari wanachemsha mikanda ya ngozi wapate supu. Kamanda ananyoa ndevu kila asubuhi, kisha anapeleka ripoti makao makuu: hali ni nzuri.

Shangazi, ambaye nilikuwa nikiishi kwake, aliliona jalada akaguna.

"Wajerumani hawa hawa waliowachapa babu zetu viboko hamsa ishirini?"

"Hao hao, shangazi. Wamezingirwa."

"Waache wazingirwe. Ila usiniwekee mezani."

Nilikisoma na penseli mkononi, nikijaza maswali pembeni. Maji ya kunyolea alipashiwa na nani? Neno "njaa" lilimshinda nini kuliandika? Nilimdharau mtu yule kwa raha kubwa, raha ya msomi asiye na pa kwenda asubuhi.

Maana wiki tatu kabla, ombi langu la kuongezewa kibali cha kukaa lilikuwa limekataliwa. Na kila Jumapili mama alipiga simu kutoka Njombe, tukaanza kama watu wanavyoanza. Habari za huko? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Za afya? Nzuri tu. Kwetu hata msiba hutanguliwa na "nzuri", ndipo inafuata "ila". Mimi "ila" nilikuwa naimeza.

Jumapili ya nne nilikuwa katikati ya ripoti nyingine ya kamanda, namcheka, simu ikaita.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nzuri, mama." Nikafunga kitabu. "Ila kibali wamenikatalia. Natakiwa kuondoka mwisho wa mwezi."

Nilisikia kuku upande wa pili.

"Shangazi yako aliniambia siku nyingi."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nimekuuliza kila Jumapili. Wewe si ndiye unayesema nzuri?"

Nikaiweka penseli juu ya kitabu.

"Haya, sikiliza," mama alisema. "Chumba chako nimefugia kuku. Unaingia siku gani, niwahamishe?"