Ukuta Uliokata Baraza

Mtaa wetu wa zamani hapa Maswa ulijengwa na wafanyabiashara wa pamba, nao waliujenga kwa akili. Kuta nene za matofali mabichi, lipu ya chokaa, matundu ya hewa juu ya madirisha, mabati yaliyoshuka hadi kufunika baraza pana. Mabaraza yaliungana nyumba hadi nyumba. Mvua ikinyesha ungetembea mtaa mzima bila kulowa. Desturi ilikuwa moja: baraza halifungwi. Naeleza kwa sababu nina stashahada ya ujenzi, na wengi wanaoishi humo hawajui wanachokikalia.

Mama na mimi tulipanga chumba cha uani. Alikaanga maandazi barazani. Siku moja mwenye nyumba akalipiga teke beseni lake mbele ya watu.

"Rudi kwenu Sapiwi ukachunge ng'ombe. Hapa ni mjini."

Wiki ileile akajenga ukuta kukata baraza, palepale mama alipokuwa akikaa. Wapita njia wakawa wanashuka kwenye tope na kupanda tena upande wa pili. Nilikuwa kidato cha pili. Sikulia. Nilisoma.

Niliporudi na stashahada yangu nilinunua nyumba inayopakana na ya yule mwenye nyumba. Sikurithi hata msumari. Nikakwangua kuta zangu na kuzipiga chokaa upya, kama zilivyokuwa. Mzee akachungulia juu ya ukuta wake.

"Stashahada yote hiyo, kijana, umerudi kupaka chokaa kama bibi yako?"

Yeye aliipiga nyumba yake lipu nzito ya saruji, chini hadi juu, na rangi ya kung'aa. Akaniita. "Haya, mtaalamu, unaionaje?"

Nilijua. Tofali bichi hupumua. Ukilivika saruji unafungia maji ndani, nalo linarudi kuwa udongo polepole.

"Imependeza, mzee," nikamjibu. Neno hilo halijanikosesha usingizi.

Msimu wa pili wa mvua lipu ikavimba. Kisha kipande kikubwa kama mlango kikaanguka na tofali likamwagika nyuma yake. Ukuta wa mbele ukaanza kuinama. Asubuhi mzee akaja kwangu, kofia mkononi, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, mzee."

"Mafundi wote wanasema nibomoe nyumba. Wewe unasemaje?"

"Inaokoleka. Ila kwanza uvunje ukuta wa barazani. Wewe mwenyewe, si kibarua."

"Mimi mtu mzima, mwanangu. Mgongo huu..."

"Siku ya kuujenga, mgongo ulikuwepo."

Alikuja na nyundo siku ya mnada, mtaa umejaa. Niliegemeza magogo kwenye ukuta wa nyumba yake usimwangukie, maana kazi yangu naijua, kisha nikavuta kiti nikakaa.

"Mzee, umeajiriwa lini?" mwanamke mmoja akamuuliza akipita na kuku wake. Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Jua lilipopanda, mama akatoka mlangoni kwangu. Akaniambia kwa Kisukuma nimpe mzee maji. Nilimsikia vizuri. Sikuinuka. Akampelekea mwenyewe, kwa mikono miwili. Mzee akanywa akitazama sakafu.

Alipomaliza nikamwonyesha kona iliyobaki imesimama.

"Na hiyo," nikasema.