Mrusho uliovunja mkono wa Rawya

Jua la alasiri bado kali kwenye uwanja mmoja wa Qurum, mjini Maskati, na Rawya Thabit anapiga ukelele unaowasimamisha wasichana wote.

"Simama! Usirushe!"

Balqees, mwenye miaka kumi na mitano, anaganda, mpira wa softiboli ukiwa nyuma ya kichwa chake. Rawya anamwendea, anakishika kiwiko chake na kukiinua hadi usawa wa bega.

"Hapa. Sasa tanguliza mguu, kiuno kigeuke, mkono ufuate. Mkono ndio wa mwisho. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, abla," anajibu Balqees, kwa neno waliitalo mwalimu wa kike.

Mgeni angemdhania ni mwalimu mkali tu. Lakini chini ya mkono wa fulana yake kuna kovu refu, na namna alivyolipata haisadikiki.

Asubuhi Rawya hufundisha michezo katika shule moja ya Mabela, jioni huinoa timu hii. Mwaka jana alikuwa bado mchezaji. Siku moja aliudaka mpira pembeni kabisa mwa uwanja, akaurusha kwa nguvu zake zote kumwahi mkimbiaji wa timu pinzani. Ukasikika mlio.

"Nikadhani gongo la mtu la kupigia mpira limekatika," anasimulia. "Nikageuka kutazama la nani. Ndipo nikauona mkono wangu unaning'inia, umeelekea siko. Hapana alonigusa. Hapana!"

Mwenzake Khawla, aliyekuwa karibu, mpaka leo anatikisa kichwa. "Wallahi! Mtu arushe mpira tu, mfupa ukatike? Sijapata kusikia."

Daktari aliyempasua na kuuunga mfupa alimweleza kilichotokea. Mguu wa mbele ulitua vibaya, kiuno hakikugeuka, na kazi yote ikaachiwa mkono. Mfupa wa juu ya kiwiko ukasokotwa kama nguo inayokamuliwa, ukapasuka. Mshipa wa fahamu uliopita hapo nao ukaumia. Kwa miezi mitano kiganja chake kililala. Hata finjani ya kahawa ilimshinda.

Mama yake, Bi Jawaher, alihamaki. "Nikamwambia, mwanangu, mchezo gani huu unaokuvunja pasi na adui? Basi tena. Nnakuomba."

Rawya alikubali. Mkono ukiwa umefungwa shingoni, akaenda uwanjani kuwaaga wasichana. Hapo ndipo alipomwona Balqees akirusha: miguu imeganda, kiuno kimetulia, mkono unatoka peke yake.

"Nilijiona mimi," anasema. "Nikapiga ukelele hata nikasahau kilichonileta."

Hakuaga. Alirudi nyumbani akamweleza mama yake alichokiona.

"Alinitazama. Mara akanambia, 'Basi nenda kawatizame watoto wa watu.'"

Sasa vidole vyake vimerudiwa na nguvu, na daktari amemruhusu kurusha kwa masafa mafupi. Mpango wake ni kuwakusanya walimu wa michezo wa Maskati kabla ya msimu mpya, awaonyeshe jinsi mrusho unavyoanzia mguuni, ili msichana asiachwe kutegemea mkono peke yake.

Na yeye mwenyewe, atarudi kucheza?

Anaugeuzageuza mpira kiganjani kabla ya kujibu.

"Ntarusha, inshallah. Lakini siku hiyo mama'ngu awepo. Kasema hatausamehe mchezo huu mpaka anione kwa macho yake nikirusha bila kuumia."