Masika Gari Lilipolala Uani

Miaka ya sabini, nikiwa bado mke mgeni hapo Kahama, mume wangu alinunua gari kuukuu kwa padri mmoja wa Ushirombo. Lilikuwa pikapu ya rangi ya samli, na viti vyake vilinukia ubani. Alilitumia kubebea mpunga kutoka Kagongwa.

Asubuhi moja padri huyo alitujia kwa pikipiki, kanzu imejaa vumbi.

“Shikamoo, Padri,” nilimwamkia.

“Marahaba. Mwenye gari yupo?”

Mume wangu alitoka. Padri hakutaka hata kukaa. Alieleza kuwa kiwanda kimewatangazia wote walionunua magari ya aina ile: chuma kinachounganisha usukani na magurudumu ya mbele kilitengenezwa vibaya, kinaweza kukatika gari likiwa mwendoni. Habari ilimfikia yeye kwa sababu ndiye aliyelinunua likiwa jipya.

“Msiliendeshe,” alisema. “Watabadilisha bure, ila chuma kipya kinatoka Ulaya.”

“Mbona linakwenda vizuri tu?”

“Hata mimi lilinipeleka vizuri. Lakini tangu nilipopata habari hii, nikiwafikiria, usingizi hauji.”

Kesho yake alfajiri nilimkuta mume wangu amekaa kwenye usukani, ufunguo mkononi. Mpunga ulikuwa unamsubiri. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Jua lilipochomoza alishuka, akaenda kutafuta mkokoteni wa ng’ombe.

Masika yakaingia. Majani yaliota hadi nusu ya matairi. Nilikuwa mjamzito, na mchana nilipenda kukaa ndani ya gari lile, mvua ikipiga paa, vioo vikifunga ukungu mpaka nyumba na ua vikapotea. Siku moja mama mkwe alifungua mlango, akakaa kando yangu na kujitanda khanga.

“Tunakwenda wapi, ng’wanone?” aliniuliza. Ndivyo alivyoniita, mwanangu, kwa Kisukuma chake.

“Popote upendapo, Mama.”

“Basi nipeleke Geita, kwa dada yangu.”

Akafumba macho, akaanza kunisimulia njia aliyoipita kwa miguu alipokuwa msichana: bwawa ambalo ng’ombe walisimama ndani ya ukungu, mawe makubwa, mashamba meupe ya pamba iliyopasuka. Nami niliviona vikipita dirishani. Mara nyingine nilisinzia, mtoto akajigeuza tumboni, nikazinduka nisijue kama tumeshafika. Tulisafiri hivyo masika yote.

Mvua zilipokatika, padri alirudi na fundi kutoka Mwanza. Fundi alilala chini ya gari, akakifungua kile chuma na kukiinua juani. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umebakiza kidogo kutokea upande wa pili.

Mume wangu alikishika kwa muda mrefu. “Asante, Padri,” alisema.

Mtoto wetu alipotimiza siku arobaini, tulikwenda Geita kweli. Mama mkwe alitazama nje njia nzima. Bwawa hatukuliona, wala yale mawe.

“Barabara imehama,” alisema taratibu, bila kusikitika.

Dada yake alitoka nyumbani akiwa ameinama kwa uzee. Walishikana mikono, wakatazamana. Nilibaki garini na mtoto wangu aliyelala, injini imezimwa, upepo ukiingia dirishani na harufu ya majani makavu.