Mfupa wa Kidevu cha Ng'washi

Pale soko la dagaa la Mwaloni Kirumba hakuna aliyejua dagaa kumshinda Ng'washi. Anachota kiganja, anauma mmoja kwa meno ya mbele, anatema. Kama dagaa walianikwa mchangani, anajua kabla mwenye gunia hajamaliza kuapa kuwa ni safi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wenye viwanda vya chakula cha kuku walipovamia soko, wauzaji walianika popote, na sisi wengine tulinunua pale tu aliponunua Ng'washi.

Basi meno yale yale yakaanza kulegea. Daktari Yassin, aliyekuwa amefungua kliniki yake ya meno mjini, akapiga picha na kukuta meno mawili ya ziada yamejificha ndani ya ufizi, yanasukuma mizizi. Akampasua, akayatoa. Shimo lililobaki akalijaza vipande vya mfupa alivyovikwangua kwenye kidevu cha Ng'washi mwenyewe.

"Mama, ukiutikisa mfupa huu hautashika, na meno ya mbele yataondoka. Usiume kitu nayo mpaka nikuruhusu."

Kumwambia Ng'washi asiume! Hakutulia tena. Akikaa, anasimama. Sokoni anazunguka magunia, anachota, mkono unapanda hadi mdomoni, unashuka. Siku moja akaniambia niume mimi.

"Teodora, kuna mchanga?"

"Hakuna."

Kusema kweli nilikuwa na njaa, nilimeza tu bila kusikiliza meno. Gunia zima lilikuwa na mchanga, na wateja wake wa Buhongwa wakamrudishia. Alinisema mpaka nikakoma.

Nkwabi, muuza dagaa wa Ukerewe, alipoleta mzigo mwingine, Ng'washi hakuvumilia. Akauma. Damu ikamtoka.

"Nimejiharibu mwenyewe," akasema, na mimi nikaogopa kuliko yeye. Tukakimbilia kliniki. Daktari akabonyeza, akapiga picha tena, akamkaripia kama mtoto. Ufizi ulichubuka tu, mfupa ulikuwa mahali pake.

Miezi ikapita, mfupa ukashika, meno yakakaza. Daktari akamruhusu kuuma chochote. Tulimpokea Mwaloni kwa vigelegele, na Nkwabi akamfungulia gunia. Ng'washi akachota, akapeleka dagaa mdomoni, akamshikilia hapo bila kuuma. Mwishowe akamrudisha dagaa guniani.

"Siwezi," akasema. "Naogopa."

Hakuna aliyecheka. Nkwabi, akijua sasa hakuna wa kumkagua mchanga, akapandisha bei palepale.