Fleshi ya Kushoto ya Gari la Mzee Ramazani

Mkono wangu wa kushoto ni wa baridi. Sisemi kwa mafumbo. Ukifika Kamina, uliza gereji ya fundi mwenye glovu moja, karibu na reli, hata watoto watakuonyesha. Njoo nivue glovu uushike mwenyewe, mchana, jua likiwaka, kisha uniambie usoni kwamba ninatunga. Madaktari wawili wameushika. Mmoja alisema ni mishipa. Wa pili alikwenda kunawa. Mimi ninajua ni nini, na leo ninasema yote, maana mtu niliyepaswa kumwambia kwanza amekwisha kufa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa vita. Treni zilikuwa zinabeba askari tu, na magari yalikuwa yanakamatwa ovyo barabarani. Ukiwa na gari zima, jioni ulichomoa kipande chake cha kuwashia moto, ukalala nacho chini ya mto, ndipo asubuhi ulikute uani. Mjini yalibaki magari machache, na mengi yalikuwa mabovu. Ndiyo sababu Mama Zaina alinijia na habari za gari la marehemu baba yake, Mzee Ramazani.

Mama Zaina alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na samaki wakavu, mtu wa ukoo wa wale Waislamu waliokuja zamani kutoka Maniema. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwamini, aliyeolewa Kabongo. Mwamini alikuwa na mimba ya miezi minane, na vita ilikuwa inashuka upande ule.

"Fundi, mukwe wangu balimukamata abebe mizigo ya askari," aliniambia. "Haikurudia. Mutoto wangu iko peke yake kule. Minyi nataka ile gari itembee siku mbili tu, kwenda na kurudia. Kisha ikufe, siko na neno."

Ungemkatalia? Mimi sikuweza.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la enzi za Wabelgiji, lenye ubao wa kukanyagia ubavuni na mashavu ya mviringo. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kioo cha mbele kilifunguka kama dirisha la nyumba, na moto uliwashwa kwa kukanyaga kitufe cha chuma sakafuni. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kimethodisti, nimesoma mekanika, na vioja vya namna hiyo vilikuwa vinanichekesha. Ila kimoja kilinikera: fleshi.

Labda hujawahi kuziona. Kabla ya taa za kumetameta, magari yalikuwa na kipande chembamba cha bati kimefichwa ndani ya nguzo, katikati ya milango, kila upande kimoja. Ukizungusha kitufe, kinachomoka na kunyooka ubavuni kuonyesha unakokata, na ndani yake kuna kitaa cha rangi ya chungwa. Kinachokisukuma ni bobini, yaani waya mwembamba wa shaba uliosokotwa kuzunguka chuma. Nilitaka kuziondoa. Porini huko unamwonyesha nani unakata kushoto? Nyani?

Mama Zaina alikataa katakata. Baba yake, akasema, alikuwa dereva wa adabu, hata mbuzi alikuwa anamtolea fleshi. Siku moja akirudi kutoka Kabongo kwa biashara, moyo ulisimama, akafia palepale kwenye njia panda, pale barabara kuu inapoachana na njia ya zamani ya pamba. Walimzika siku hiyohiyo kandokando ya njia, kama dini yao inavyotaka. Tangu hapo, gari lile likipita pale, dereva hutoa fleshi ya upande wa kaburi, anasimama, na wana wa Mzee Ramazani wanasoma Fatiha.

"Njo vile tunamupigia hodi," alisema Mama Zaina. "Tosha kila kitu, fundi. Fleshi, apana." Huku kwetu minyi ni mimi, njo ni ndiyo, na kutosha ni kutoa.

Nikasema sawa. Nami nilikuwa nasema kweli wakati ule.

Baada ya wiki moja injini iliguruma, lakini dinamo ilikuwa imeungua. Bila dinamo betri isingemaliza hata nusu ya safari. Nilitafuta waya mjini kote, nikaulizia mpaka kwa watengeneza redio. Hakuna. Waya niliouhitaji ulikuwa sehemu moja tu, nawe umekwisha kujua ni wapi.

Ningemwambia angekataa? Sijui. Hapo ndipo penye kosa langu, sikumpa hata nafasi ya kukataa. Alipokwenda kuswali adhuhuri nilifungua nguzo zote mbili, nikakata bobini, nikafumua waya na kuufunga kwenye dinamo. Maganda ya bati niliyarudisha, nikayafuta vumbi yakang'aa.

Aliporudi aliuliza, "Fleshi iko muzima?"

"Iko muzima, Mama," nikajibu.

Tuliondoka alfajiri, mimi kwenye usukani, yeye nyuma. Tulipofika njia panda nililiona kaburi upande wa kulia, mawe yamepangwa vizuri, majani yamefyekwa.

"Tosha fleshi," akasema Mama Zaina.

Nikazungusha kitufe. Kimya, bila shaka. "Baridi ya asubuhi, Mama, imekaza."

"Basi simama tu, nishuke."

Niliogopa, niamini. Niliogopa askari, nikaogopa zaidi kwamba akishuka ataigusa ile fleshi. "Hatuna saa, Mama. Tutasimama tukirudia."

Hakubishana. Alinitazama kwenye kioo kidogo, kisha nikaona midomo yake inaanza kusoma, na gari linakwenda.

Kabongo tulimkuta Mwamini amelala kwenye mkeka, uchungu umemwanza kabla ya siku zake. Hapakuwa na muuguzi, wote walikuwa wamekimbia. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, tukageuza gari. Kila shimo la barabara lilimtoa kilio, na kila kilio kilikuwa kinanikata maini. Nilikuwa na hamu moja tu, kuiona Kamina.

Jua lilikuwa linazama tulipokaribia njia panda. Ulikuwa wakati wa kiangazi, watu wanachoma majani, na moshi ulikuwa umetanda mpaka jua likawa jekundu, unalitazama bila kukunja uso. Katikati ya barabara alikuwa amesimama mzee. Kanzu kuukuu, kofia, miguu mitupu. Nikapiga honi, hakusogea. Nikakanyaga breki.

Alikuja dirishani kwangu polepole. Hakutazama nyuma kabisa, ingawa Mwamini alikuwa analia. Aliweka kiganja kwenye nguzo, hapa nyuma ya sikio langu.

"Fundi," akasema, "mule ndani muko nini?"

"Muko fleshi, Baba."

"Fungula."

"Baba, kuko mugonjwa. Hatuna saa."

"Asubui pia haukukuwa na saa," akasema. "Fungula."

Niambie wewe, asubuhi nilikuwa nimesema hivyo mbele ya nani? Mbele ya Mama Zaina peke yake, ndani ya gari linalotembea. Nilishuka bila kujijua. Nililichomoa ganda kwa kucha, na ndani palikuwa na tundu na ncha mbili za waya nilizozikata mwenyewe. Mzee aliinama akachungulia humo kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba yake imebebwa vyombo vyote.

Wakati huohuo lori lilitupita kutoka nyuma, limejaa wafanyabiashara na mizigo yao. Walitupigia kelele tutoe takataka yetu njiani, wakaendelea moja kwa moja na barabara kuu. Hakuna hata mmoja aliyemsalimia mzee.

Nilianza kulia. Ndiyo, mimi, mtu mzima. "Baba, bila ule waya gari haingetembea."

"Sikuulize juu ya gari. Nauliza weye. Ulimwambia mwenye gari?"

"Apana, Baba."

Alijinyoosha kutoka kwenye lile tundu. Kisha akasema, bila hasira, "Basi leo minyi njo fleshi. Panda."

Nikapanda. Naye akapanda juu ya ubao wa ubavuni, nje ya mlango wangu. Nami ni fundi: springi za gari lile, hata kuku akirukia ubao unasikia. Halikushuka hata kidogo. Mkono wake wa kulia ulinishika kiganja cha kushoto, kilichokuwa juu ya mlango, na wa kushoto akaunyoosha nje, umekakamaa, ukielekea njia ya zamani ya pamba.

Sikutaka kwenda huko. Njia ile haikuwa imepita gari kwa miaka, ilikuwa majani na mashimo, na mgonjwa yuko nyuma. Nikajaribu kunyoosha usukani niende moja kwa moja. Baridi ikaingia kiganjani, ikapanda mpaka kwenye kiwiko, baridi ya maji ya kisimani. Nikakata kushoto.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Zaina, imetulia kuliko nilivyotazamia. "Endesha, fundi. Usimutazame. Endesha."

Niliendesha kwa mkono mmoja, gia ya pili, majani yakisugua tumbo la gari. Hatukwenda mbali tukasikia milio ya bunduki upande wa barabara kuu, mingi, kisha michache, kisha basi. Mwamini alikuwa amenyamaza, na hilo liliniogopesha kuliko risasi. Sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa naona tu ule mkono umenyooka nje, na majani marefu yanapita ndani yake bila kutikisika. Niliomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, mwishowe kwa Kiluba cha mama yangu.

Tulipotokea kwenye reli ya Kamina, mtoto mchanga akalia nyuma. Palepale kiganja kikaniachia. Nilipotazama, ubaoni hapakuwa na mtu, na vumbi la siku nzima lilikuwa juu yake, halina alama ya unyayo.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Mwamini naye alipona. Kesho yake habari zilifika mjini: lile lori lilivamiwa kwenye daraja la barabara kuu na watu wenye bunduki. Walirudi wawili, kwa miguu. Mpaka leo nikikumbuka zile kelele walizotupigia natamani ningewazuia.

"Wafwako, fundi," Mama Zaina aliniambia, asante ya Kiluba, ingawa si lugha ya kwao. Alitazama mkono wangu nilioukumbatia kifuani. Akangoja. Nami nikasema ni baridi ya usukani.

Vita ilipotulia nilipata waya, nikasokota bobini mpya, nikazirudisha fleshi zote mbili. Zinafanya kazi hata sasa. Nilidhani mkono utapona. Haukupona. Sisikii bolti kwa vidole vile, ninavisaidia kwa macho. Na kila mwaka, kabla ya kwenda kuzuru kaburi, Mama Zaina alikuwa ananiletea gari mimi tu, wala si fundi mwingine, na kuuliza neno lilelile. "Fleshi iko muzima?"

"Iko muzima, Mama."

Ilikuwa kweli kila mwaka. Yeye alikuwa anakawia kidogo mlangoni, akitazama glovu yangu, kisha anakwenda.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Gari sasa ni la Asha, yule aliyezaliwa njiani, mwanamke mwenye duka lake. Mwezi jana alilileta gereji.

"Papa fundi, tosha hizi fleshi, uniwekee taa za kumetameta. Batu banachekaka."

Ndipo nikamkalisha, nikamweleza yote, tangu waya mpaka kilio chake cha kwanza. Asha hakushangaa. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko tusi.

"Bibi alinielezaka," akasema. "Alisema baba yake alisimama pale kwenye mulango, na weye ulikuwa nalia, na ndani ya fleshi mulikuwa mutupu. Aliona yote."

"Sasa juu ya nini hakuniuliza?"

"Alikuwa nakuuliza kila mwaka, Papa. Alisema ule mukono utapata moto siku fundi anamwambia yeye mwenyewe. Njo alikuwa nakuja kusikiliza."

Asha aliondoka na fleshi zake palepale zilipo. Mimi nilibaki nimekaa kwenye ngazi ya gereji mpaka giza.

Basi wewe unayeletewa vitu vya zamani vya watu uvitengeneze, sikukatazi kuondoa kitu. Pengine huna budi, kama mimi sikuwa na budi. Lakini mwambie mwenyewe, mwambie siku hiyohiyo, angali hai na anakutazama. Mimi nimemwambia Asha, na sasa nimekuambia na wewe. Nimevua glovu ninapoandika haya. Bado ni wa baridi.