Bushera Si Maji
Ninaikumbuka siku baba yako aliporudishwa kutoka hospitali kipimo hakijakamilika, kwa sababu ya bushera. Mwanangu Otim, kaa nikueleze, maana nasikia unaenda kupimwa utumbo kwa kamera, na unataka kuusafisha kwa ile dawa ya chupa ndogo aliyokusifia rafiki yako wa Bukoto. Damu unayoiona chooni si ya kuchezea, na figo zako unazijua.

Baba yako naye alianza hivyo hivyo. Alikuwa amestaafu jeshi, tumehamia Kyebando, na hakupenda kupangiwa mambo. Daktari alimpa unga wa kuchanganya na maji, lita nne, anywe nusu jioni na nusu asubuhi. Siku hiyo asile kitu. Anywe maji, chai ya rangi, au supu iliyochujwa. Mzee akakoroga dawa kwenye kidumu, akaonja, akakunja uso. Ina chumvi chumvi, sikufichi. Akaimaliza yote jioni, kijeshi, kisha akashushia na bushera, ule uji baridi wa mtama, kuondoa ladha.

Kesho yake kamera ilipoingia, daktari aliona tope tupu.

"Mzee, ulikula nini?"

"Mimi hapana kula kitu, daktari. Nakunywa bushera tu."

Hakuwa anadanganya. Hapa kwetu mtu anakunywa uji, ukimuuliza anasema bado hajala. Daktari akamwambia taratibu, "Bushera ni chakula, mzee. Utumbo hauangalii kama ulitafuna. Rudi wiki ijayo tuanze upya."

Hakurudi. Aliona aibu, na nikimkumbusha ananuna. Alipokubali alikuwa amekonda, suruali inafungwa kwa kamba. Safari hiyo alikunywa vizuri, tumbo likawa safi, na uvimbe ukaonekana bila shida. Daktari alisema ungeonekana mapema, huenda ungekatwa palepale. Tulimzika Gulu, na bado inaniuma.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Ile ya maji mengi inachosha, utashinda chooni, lakini haivurugi sana chumvi za mwili, ndiyo maana madaktari wengi huwapa watu wenye figo dhaifu. Ya chupa ndogo inanyweka upesi, na mwenye afya nzuri inaweza kumsafisha vizuri tu, ila lazima aifuatishie maji, na kuna aina zake zinazoumiza figo. Rafiki yako figo zake ni nzima. Kuna pia ya kupigwa bomba kwa nyuma. Hiyo peke yake inasafisha mwisho wa utumbo tu, kwingine kunabaki vilevile.

Kwa hiyo usichague kwa ladha. Mwambie daktari habari za figo na vidonge vyako vya presha, achague yeye. Akikwambia ugawanye, gawanya. Ile nusu ya asubuhi ndiyo inayoondoa uchafu ulioshuka usiku. Iweke kwenye friji, unywe glasi moja moja. Kinachotoka kiwe majimaji ya njano. Kikiwa bado cha kahawia, mpigie daktari kabla hujatoka nyumbani. Na wakikurudisha, mwanangu, rudi wiki hiyo hiyo, hata kama wodi nzima itakucheka.

Mungu akulinde kwenye kitanda kile. Daktari apekue kila kona ya tumbo lako, akose la kukwambia. Na kama lipo, alione.